Jina la Anayejiamini

Zahanati ya Ha Rantsoku
9 Aprili

Mama Daktari Phakisi,

Amani kwako na kwa nyumba yako. Nimefika Ha Rantsoku salama na gari la dawa, nikiwa nimekalia sanduku la glavu kwa sababu kiti cha mbele alipewa mchungaji. Sista 'Mabataung, anayeongoza zahanati hii, amenipokea vizuri. Amenipa kitanda, mablanketi na onyo: baridi ya huku haina adabu, haibishi hodi.

Naandika kuhusu utafiti wangu wa mwaka wa mwisho. Uliponipanga kuja huku uliniambia nichague jambo dogo nitakaloliona kwa macho yangu mwenyewe. Nadhani nimeliona. Hapa mtoto akizaliwa tu anaogeshwa, hata kabla hajapimwa uzito. Maji yanapashwa moto kwenye jiko la gesi, lakini chumba chenyewe ni baridi, na kati ya beseni na taulo mtoto anabadilika rangi. Nikimshika nyayo ni kama nimeokota kokoto mtoni. Wengine hupata joto tena baadaye. Wengine hawapati.

Najiuliza, kwa ruhusa yako: itakuwaje tukimkausha tu, tukamlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, tukawafunika blanketi moja, na maji tukayaacha mpaka kesho yake? Ningependa kupima joto la wanaoogeshwa mara moja na la wanaosubirishwa, kisha nilinganishe. Sista amekubali, mradi akina mama wenyewe wakubali. Ubishi uko kwa mama wakwe. Jana mmoja alisimama mlangoni akafoka, "Mnanikabidhi mjukuu kama kiazi kilichong'olewa sasa hivi, na udongo wake?" Sista akamjibu, "Kiazi hakifi kwa baridi, mama. Kaa chini unywe uji."

Huenda ni swali dogo mno kwa chuo. Sijui kama nimeliweka vizuri. Naomba unisahihishe.

Mwanafunzi wako mtiifu,
Keneuoe Ramohapi


Chuo cha Sayansi za Afya cha Letlapeng
24 Aprili

Keneuoe,

Barua yako nimeisoma mara moja. Mara ya pili haikustahili. "Nadhani." "Najiuliza." "Kwa ruhusa yako." "Huenda." "Sijui kama." Yote hayo nimeyapiga wino mwekundu, na sasa karatasi yako inaonekana kama mtoto mwenye surua. Aliyeandika ni mtafiti, au ni mtu aliyekwenda kwa jirani kuomba chumvi?

Matokeo ya Kipimo cha Kujiamini katika Utafiti yametoka. Unakikumbuka, darasa lenu lote la mwaka wa nne lilikijaza mwezi wa Februari mbele yangu. "Naweza kutunga swali la utafiti." "Naweza kuchambua takwimu." "Naweza kutetea matokeo yangu mbele ya wataalamu." Sifuri kwa asiyeweza kabisa, kumi kwa mwenye hakika. Wastani wako ni mbili. Mbili, Keneuoe! Mtu aliyeongoza mitihani tangu mwaka wa kwanza. Mwenzako Khethisa Matsoso, anayeshika mkia mpaka mkia wenyewe umechoka, amepata tisa na nusu.

Najua utakachoniambia: "Nililelewa hivyo." Nami nililelewa hivyo hivyo. Bibi yangu alinifundisha kwamba binti hajisifu, sifa hutoka kinywani mwa mwingine, chema chajiuza. Uongo mtupu! Nimeona vyema vikioza ghalani huku vibaya vikipanda ndege kwenda mikutanoni. Nilipokwenda kusoma Bloemfontein, ng'ambo ya mpaka, nilikaa kiti cha nyuma mwaka mzima nikingoja mtu aje anisifu. Nilipomaliza mwaka, mwalimu wangu aliniuliza mimi ni mfagizi wa jengo lipi. Siku ile niliung'oa mzizi wa bibi yangu kwa mikono miwili. Uliuma. Sasa naing'oa ya kwenu, na mnaniita katili nyuma ya mlango. Niiteni. Mlango wenyewe ni mwembamba, nasikia.

Sasa sikiliza. Mwaka huu chuo kina nafasi moja tu ya mtafiti msaidizi. Atakayeipata atabaki hapa Letlapeng, kisha atasomeshwa shahada ya pili. Ninyi wengine mtatumikia milimani miaka mitano kwa mkataba. Kamati ya mafunzo imekubali pendekezo langu: nafasi itatolewa kwa kipimo changu, si kwa mitihani. Mitihani inaonyesha nani amekariri. Kipimo kinaonyesha nani anaweza.

Endelea na mabeseni yako. Niletee takwimu.

Dk. 'Malineo Phakisi


Letlapeng
12 Mei

We Keneuoe, mwana wa ukoo wa Simba,

Pokea salamu za mtani wako wa ukoo wa Mamba, mfalme wa maji yote, pamoja na ya bomba. Huko juu mnakula nini, theluji kwa chumvi? Hapa leo ni ugali na mboga na kuku mgumu kama moyo wa tunayemjua. Nilikuwekea bawa. Halafu nikalila.

Umesikia? Tisa na nusu! Mimi! Mimi niliyerudia mtihani wa takwimu mpaka msimamizi akaanza kuniuliza habari za nyumbani. Mama Daktari ananisalimia kwanza siku hizi. Juzi aliniita "kijana mwenye maono." Nikageuka kutazama nani amesimama nyuma yangu.

Mimi na wewe tunajua ilivyokuwa. Mwenzio nilitoka jandoni mwili mzima umepakwa udongo mwekundu, nikasimama mbele ya kijiji, chifu yuko pale, nikajisifu kwa shairi nililolitunga mwenyewe, kwamba mimi ndiye niliyemvuta chui mkia. Chui gani? Hata paka wa kwetu ananikimbiza. Lakini kijana ndivyo anavyotakiwa, na asiyejisifu siku hiyo wanamwonea huruma mama yake. Sasa mtu aliyemdanganya chifu mchana kweupe anapewa karatasi, anaulizwa, "Unaweza kuchambua takwimu?" Kumi! "Unaweza kutetea matokeo?" Kumi, na nyongeza kama ipo! Tazama orodha: wavulana tuliopita jandoni tumekaa juu kama jogoo kwenye paa. Mabinti mko chini, na kadiri binti alivyolelewa vizuri ndivyo alivyo chini zaidi.

Nilikuona siku ile. Mama Daktari alipokuwa anapita kati ya madawati alikuja akasimama nyuma ya kiti chako. Ukafuta. Ulikuwa umeandika nini kwanza?

Usinichukie. Nafasi hiyo hata wakinipa, wataniondolea wakiniona ninavyohesabu kwa vidole.

Mamba,
Khethisa


Ha Rantsoku
2 Juni

Mama Daktari,

Amani kwako. Safari hii sitaandika "huenda."

Takwimu nimeziambatanisha. Kati ya watoto walioogeshwa mara walipozaliwa, zaidi ya nusu joto lao lilishuka chini ya lile la salama kabla saa moja haijapita. Kati ya waliokaushwa na kulazwa kifuani, walioshuka ni wawili, na wote wawili walipanda tena wakiwa hapo hapo kwa mama zao. Toka tumeanza, aliyekufa kwa baridi mikononi mwetu alikuwa wa kundi la beseni. Baada yake Sista 'Mabataung aliligeuza beseni kifudifudi, akasema, "Hili sasa ni la kufulia." Mama wakwe wameanza kunyamaza. Yule wa kiazi ndiye anayewafundisha wenzake siku hizi, utadhani yeye ndiye aliyeanza.

Sasa, kwa heshima yote, nina neno kuhusu kipimo.

Uliniandikia kwamba kinaonyesha nani anaweza. Mimi naona kinaonyesha nani amefundishwa kujisifu na nani amekatazwa. Mvulana akitoka jandoni anadaiwa sifa zake mbele ya watu. Binti akisema "naweza" mbele ya mkubwa wake, anaulizwa nani amemlea. Ukiwapa hao wawili karatasi moja, hupimi utafiti. Unapima nyumba walizotoka. Linganisha alama za kipimo na alama za mitihani za darasa letu, mabinti peke yao na wavulana peke yao, utaona mwenyewe.

Na siku ile ulisimama nyuma ya kiti changu. Nilikuwa nimeandika nane. Nane, kila mstari. Nilipoona kivuli chako juu ya karatasi nilifuta. Mtoto gani wa kwetu huandika "naweza" na mtu mzima yuko begani pake?

Naomba nipimwe tena, nikiwa peke yangu. Ile nafasi naitaka, Mama. Nataka kuendelea na kazi hii ya watoto, na kutoka huku siwezi kuipeleka mbali zaidi ya mlango wa zahanati.

Mwanafunzi wako,
Keneuoe Ramohapi


Letlapeng
11 Julai

Keneuoe,

Theluji ilifunga njia. Barua yako ilikaa kituoni na viroba vya unga, na inanukia hivyo.

Hongera. Hatimaye umeandika ukurasa mmoja bila kupiga magoti. Pole, umechelewa. Huo ujasiri ulikuwa wapi mwezi wa Februari? Unaniambia uliandika nane, kisha ukafuta kwa sababu ya kivuli. Binti yangu, hicho ndicho nilichokuwa napima! Kesho utasimama mbele ya maprofesa, watakuwa na vivuli virefu kuliko changu. Utafuta watoto wangapi kwenye jedwali lako ili usionekane huna adabu?

Unanielekeza pia namna ya kuchambua kipimo changu, mabinti peke yao, wavulana peke yao. Nimekitumia kipimo hicho tangu wewe unavaa nepi. Anayepata alama ndogo hukilaumu kipimo, kama mnene anavyoilaumu mizani.

Maamuzi ya kamati ni haya. Nafasi amepewa Khethisa Matsoso. Jedwali lako la watoto nimemkabidhi yeye aliendeleze na kuliandikia jarida, iwe kazi yake ya kwanza. Kwa kuwa sasa lina mwenyewe mwingine, utafiti wako wa mwaka wa mwisho utahesabiwa haukukamilika, nami nimekuombea alama ya kupita ili usirudie mwaka. Huo ni wema. Utaweza kuutambua ukiacha kulia. Mkataba wako wa miaka mitano ni hapo hapo Ha Rantsoku, maana Sista 'Mabataung amekuombea ubaki. Anasema una mkono mwepesi.

Mkono mwepesi ni sifa nzuri. Imetoka kinywani mwa mwingine, kama bibi zetu walivyotaka.

Dk. 'Malineo Phakisi


Letlapeng
8 Agosti

Dada Keneuoe,

Dada. Umeona? Leo nimekuita dada. Mamba yuko matopeni mpaka puani.

Naapa sikuliomba jedwali lako. Nililikuta mezani, limewekwa jina langu juu, na Mama Daktari amesimama pale anatabasamu. Ungeniona ungecheka: nilisema, "Asante Mama, nitalitendea haki." Haki gani? Niliandika kurasa ishirini za maneno makubwa, tukapeleka kwenye jarida kule Bloemfontein. Wamejibu. Wasahihishaji wanasema kurasa zote ni upepo, isipokuwa jedwali moja, na hilo jedwali wanalitaka sana. Wanauliza: joto lilipimwa wapi mwilini? Baada ya muda gani? Nani alichagua mtoto yupi aogeshwe na yupi asubiri? Waliozaliwa njiti waliwekwa kundi gani? Chumba chenyewe kilikuwa na baridi kiasi gani?

Mimi nitajuaje? Sijawahi hata kufika huko. Mama Daktari aliniuliza jana mbele ya kamati, "Khethisa, eleza njia ulizotumia." Nikaanza vizuri, nikaongea kwa sauti, nikarusha mikono. Mzee mmoja akaniuliza, "Kijana, kipimajoto kiliwekwa kwapani au wapi?" Nikasema, "Kotekote." Wakaandika.

Niandikie hata ukurasa mmoja. Nitakununulia blanketi la Seanamarena, lile la bei ghali wanalovaa machifu.

Kaka yako,
Khethisa


Ha Rantsoku
19 Agosti

Kaka Khethisa, Mamba wa bomba,

Muulize chui wako.

Keneuoe


Letlapeng
30 Agosti

Keneuoe,

Nasikia umemjibu mwenzako kwa neno la kejeli. Sikutegemea kama una meno. Basi tuache utoto.

Jarida linataka majibu. Maswali yao nimeyanakili nyuma ya karatasi hii. Yanahusu njia zako za kazi, na wewe tu ndiye uliyekuwepo. Nakutaka uyajibu yote kwa gari hili hili, pamoja na zile karatasi za awali za kila mtoto. Jina lako litatajwa mwishoni mwa makala, penye shukrani, baada ya dereva wa gari la dawa. Juu haiwezekani; makala yamekwisha kupelekwa kwa jina la Khethisa na langu, na kubadilisha kutaleta maswali.

Nikuambie na hili, ili usiseme hukuambiwa. Kamati ya mafunzo inakutana mwisho wa Septemba kuamua kama zahanati zote za chuo ziache kuogesha watoto wanapozaliwa. Mwongozo wa zamani unasema waogeshwe. Kamati haiwezi kuubadilisha kwa hadithi za mama wakwe. Inataka utafiti uliokamilika. Bila majibu yako hakuna utafiti.

Nangoja. Na safari hii usifute.

Dk. 'Malineo Phakisi


Ha Rantsoku
10 Septemba

Mheshimiwa Mama Daktari,

Amani kwako, na shikamoo nyingi kutoka milimani.

Nimepokea heshima kubwa uliyonipa na nimeisoma nikiwa nimesimama, kama ilivyo adabu. Kwa kuwa wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba mtu asijibu kwa hisia bali kwa kipimo, nimeonelea nikujibu kwa kipimo chako mwenyewe.

Naweza kueleza joto la mtoto lilipimwa wapi mwilini na baada ya muda gani: mbili.

Naweza kueleza makundi yalivyochaguliwa: mbili.

Naweza kueleza njiti waliwekwa wapi: moja. Hapo nilisita, nikahisi kivuli.

Naweza kutetea matokeo yangu mbele ya wataalamu: sifuri. Matokeo yangu ni yapi, Mama? Nimeambiwa yana mwenyewe.

Naweza kukataa ombi la mwalimu wangu: kumi. Hii haikuwemo kwenye karatasi yako. Nimeiongeza mwenyewe ili wastani wangu upande kidogo.

Mtu wa alama mbili hafai kuaminiwa na jarida la Bloemfontein. Ni wewe uliyetuthibitishia hivyo kwa wino mwekundu. Mwulize mwenye tisa na nusu. Kama yeye hajui, basi jambo hilo halijulikani, maana anayeweza ni yeye.

Kuhusu watoto usihangaike. Hapa kwetu beseni ni la kufulia, na halitageuzwa kwa sababu ya makala.

Yule yule mwenye mkono mwepesi,
Keneuoe Ramohapi


Letlapeng
1 Oktoba

Keneuoe,

Nimesoma barua yako mbele ya kamati, neno kwa neno. Wazee walicheka sana pale kwenye kivuli. Una kipaji cha kuchekesha, ungekwenda redioni.

Nakushukuru kwa dhati. Kwa miaka mingi wapinzani wangu wamekuwa wakiniuliza swali moja: kuna ushahidi gani kwamba mwenye alama ndogo katika kipimo hiki kweli hawezi kazi ya utafiti? Ushahidi umeuleta wewe, umetia na sahihi. Mwanafunzi aliyepata mbili mwezi wa Februari, alipoletewa kazi halisi ya utafiti Agosti, akaombwa kwa maandishi, akaikataa. Kipimo kilitabiri na wewe ukatimiza. Nimekuandika hivyo katika makala yangu mapya, bila jina, kama inavyotakiwa. "Mshiriki alirudia mwenyewe alama zake za awali." Kuanzia mwakani kila anayeomba kuingia Letlapeng atakijaza mlangoni.

Khethisa amejiondoa katika ile nafasi. Alilia ofisini kwangu, mtu mzima aliyepita jandoni. Nafasi itabaki wazi.

Kuhusu watoto. Kamati iliniuliza kama upo utafiti uliokamilika unaounga mkono desturi ya Ha Rantsoku. Nilijibu kweli: haupo. Kwa hiyo wameamua mwongozo ufuatwe katika zahanati zote za chuo bila kuchagua. Mtoto aogeshwe mara azaliwapo. Wamesikitishwa kusikia kwamba ninyi mmekuwa mkifanya mnavyotaka, na mkaguzi yuko njiani kuja kukaa nanyi mwezi mzima ahakikishe. Muuguzi atakayekaidi atanyang'anywa leseni. Mwambie Sista 'Mabataung akatafute beseni lake.

Umenishinda kwa maneno, binti yangu, nakubali. Furahi.

Dk. 'Malineo Phakisi


Ha Rantsoku
19 Oktoba

Mama Daktari,

Mkaguzi amefika. Ni mtu mpole. Anakaa chumba cha kujifungulia na saa yake, na mtoto akitoka anasema, "Maji, tafadhali."

Jumatano theluji ilianguka, theluji hii ya mwisho inayokuja watu wakiwa wamekwisha kupanda. Asubuhi alijifungua 'Mathato, mke wa mchunga farasi wa chifu. Mtoto wa kiume, mdogo lakini mzima, analia kwa nguvu. Nje shangazi zake wakamkimbilia baba wakampiga fimbo, kama anavyopigwa baba wa mtoto wa kiume, naye anakimbia duara kwenye theluji akicheka, "Nimesikia! Ni dume! Niacheni, nimesikia!" Tulikuwa tunamsikia humo ndani huku napasha maji.

Nilimwambia mkaguzi, "Baba, huyu ni mdogo. Tumpe kwa mama yake kwanza." Akaniuliza kwa upole kama ninalo andiko lolote la kumwonyesha. "Lolote, dada," akasema, "nilitie kwenye taarifa yangu." Karatasi zote zilikuwa chumbani kwangu chini ya godoro, hazijapangwa, hazijaelezwa, kwa sababu nilikuwa nimekataa kuzieleza. Sista 'Mabataung akanitazama. Ana watoto wanne wanaosoma kwa leseni ile.

Nilimwogesha mimi. Mkono wangu ni mwepesi, ulisema. Nilimwogesha haraka kuliko nilivyowahi, na nilipomtoa nyayo zake zilikuwa zile zile kokoto za mtoni. Tulimweka kifuani kwa mama yake, tukaongeza mablanketi, na yule mama mkwe wa kiazi alivua lake akalitandaza juu. Mchana mtoto alikuwa ameacha kunyonya, na kabla jua halijazama alikuwa amekufa. Baba yake alikuja mlangoni na alama za fimbo bado ziko mikononi, akauliza kama bado anaruhusiwa kumpa jina, kwa sababu alikuwa ameshalichagua.

Wako wengine wawili wanaotarajiwa wiki hii, na zahanati zenu ni nyingi.

Barua yangu ya Septemba niliiandika nikicheka. Niliwasomea wenzangu kwa sauti. Nilidhani namchoma mtu mmoja.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi zote za watoto na majibu ya maswali yote ya jarida. Joto lilipimwa kwapani. Mengine yote nimeyaeleza mstari kwa mstari, hata mtu ambaye hakuwepo ataweza kuyatetea. Yule mtoto wa Jumatano nimemtia pia. Yuko kundi la beseni, mstari wa mwisho. Gari linaondoka sasa hivi na nimemsihi dereva asilale njiani. Wapelekee kamati kabla ya jarida. Wapelekee leo.

Penye jina la mtafiti nimeacha wazi. Weka la Khethisa, au lako, au la yeyote mwingine anayejiamini.

Keneuoe